Kidonge Rahisi, Njia Ghali

Tezi ya shingo haina bahati katika mazungumzo yetu. Mwambie mwanamume wa makamo pale Tarime mjini kwamba una tatizo la tezi, atashusha sauti akidhani unazungumzia tezi dume. Mwambie mwanamke, atakutazama shingoni, na asipoona uvimbe ataona unadeka. Uvimbe wenyewe una majina ya kutosha: goita, rovu, au "tezi" tu. Kamusi zina hata neno dundumio, ingawa sijawahi kumsikia muuguzi akilitumia. Lakini ile hali ya tezi kuchoka, ikawa inatoa homoni pungufu huku shingo ikionekana kama ya mtu mwingine yeyote, mtaani haina jina. Ugonjwa usio na jina ni ghali, kwa sababu mwenye nao hulipia kwanza majina ya magonjwa mengine.

Tumchukue mama wa Susuni, kata ya Wilaya ya Tarime iliyo karibu na mpaka wa Kenya. Simsemi mtu fulani. Nimemuunda kutokana na dalili ambazo kitabu chochote cha tiba kinazo, na mizunguko ambayo mgonjwa yeyote wa kijijini anaijua. Ana miaka 40 na kidogo, watoto watano. Mwaka juzi alikuwa wa kwanza kufika shambani. Sasa anafika wenzake wakiwa wanapumzika. Nyanda za juu za Tarime zina baridi yake ya asubuhi, hilo halina ubishi, ila yeye saa sita ya mchana bado yuko ndani ya sweta na kitenge juu. Sauti imekwaruza na kuwa nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Choo ni cha shida, ngozi ya miguu inapasuka, uso unaamka umejaa, nywele zinabaki kwenye kitana, hedhi inakuja nyingi na haitaki kwisha. Anasahau. Juzi alipeleka mahindi mashineni, akakaa, akapiga soga, akarudi nyumbani bila unga. Mke mwenzake anasema amepata pa kujificha. Mama mkwe anasema kunenepa kule ni kwa kukaa. Mwenyewe, usiku, anawaza kama hajatupiwa kitu.

Kwenye duka la dawa muhimu mazungumzo huwa mafupi.

"Mura, mwili umekufa. Sina nguvu hata ya kubeba ndoo."

"Homa ipo, mama?"

"Homa hapana. Baridi tu."

"Baridi hiyo ni malaria. Kama si malaria ni taifodi."

Katika mlolongo unaofuata hakuna mwizi. Malaria ipo kweli mkoani Mara. Taifodi ipo pia, ingawa inatajwa mara nyingi kuliko inavyothibitishwa. Damu yake huenda ni pungufu kweli, maana tezi iliyolegea huleta hedhi nyingi na hupunguza utengenezaji wa damu. Kwa hiyo anapewa dawa ya malaria, halafu antibayotiki, halafu vidonge vya kuongeza damu, halafu dawa ya minyoo, halafu dawa ya vidonda vya tumbo kwa sababu tumbo limejaa gesi. Kila hatua ina akili yake na bei yake ndogo. Jumla yake ndiyo inayoondoka na mbuzi. Na mganga wa jadi naye yupo kwenye hesabu hiyo, tusijifanye hayupo.

Ninachotaka kuonyesha katika makala hii ni kwamba familia inafilisika njiani, kabla haijakifikia kidonge na kila inapokirudia. Dawa yenyewe ni miongoni mwa zilizo nafuu zaidi kati ya dawa za maisha. Mwenye kipato kidogo hatahangaika sana na bei ya kidonge kimoja. Atahitaji kujua ni shilingi gani inafanya kazi na ni ipi inayopotea.

Tuanze na tezi yenyewe, kwa ufupi. Imekaa mbele ya koo, chini ya kikoromeo, umbo lake kama kipepeo. Inatoa homoni zinazoamua mwili uwake kwa kasi gani, kama dirisha la jiko la mkaa: ukilifungua moto unapanda, ukilibana unafifia. Moyo, utumbo, ngozi, akili na kizazi vyote vinangoja upepo wa dirisha hilo. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo inayoisimamia. Tezi ya shingo inaposinzia, msimamizi huyu hupaza sauti, na sauti yake ndiyo kemikali inayoitwa TSH. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, kibarua amelala. Ikiwa chini kabisa, kibarua anafanya kazi kupita kiasi hata msimamizi amenyamaza. Hiyo ndiyo sababu tone moja la ukweli linatosha kuanzia: kipimo kimoja cha damu, TSH, kinajibu swali ambalo wiki za dawa za kubahatisha haziwezi kulijibu.

Ila lipo kundi ambalo TSH peke yake inaweza kulidanganya, na kwa mazingira yetu halifai kusahauliwa. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua anaweza kupata jeraha kwenye tezi ya chini ya ubongo. Baada ya hapo maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, nywele za kwapani zikapotea, na miaka ikapita akiwa mchovu. Kwake msimamizi mwenyewe ndiye mgonjwa. Hawezi kupaza sauti, na TSH yake inaweza kusomeka kama ya mtu mzima wa afya. Huyu anahitaji kupimwa homoni ya tezi yenyewe, na mara nyingi anahitaji dawa nyingine kabla ya ile ya tezi. Akianzishiwa ya tezi peke yake anaweza kuhatarishwa. Kwa hiyo habari ya uzazi ule mgumu wa miaka kumi iliyopita isiachwe nyumbani. Mwambie daktari hata asipouliza.

Kwa nini tezi huchoka? Jibu la kwanza ambalo shule zilitufundisha ni chumvi. Tezi hutengeneza homoni zake kwa madini joto, na udongo wa milimani uliooshwa na mvua hauna mengi. Miaka ya 1980 takriban robo ya watoto wa shule waliopimwa Tanzania walikuwa na goita. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi kuanzia katikati ya miaka hiyo, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni za kuweka madini joto kwenye chumvi zikaanza kutumika. Mwaka 2004 utafiti wa kitaifa ulikuta goita kwa watoto wa shule imeshuka hadi karibu asilimia 7, na zaidi ya kaya 8 kati ya 10 zikitumia chumvi yenye madini joto. Ni kazi kubwa iliyofanyika kimyakimya, na nchi hii haijajisifia inavyostahili.

Tarime ina ukurasa wake katika habari hii, na haukuanzia shingoni; ulianzia miguuni. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime ya wakati ule, ambayo ilijumuisha pia Rorya ya leo, watu walianza kupooza miguu ghafla. Ugonjwa ulikuwa konzo. William Howlett, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Hans Rosling, yule Mswidi ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa mihadhara yake ya takwimu, walichapisha utafiti wake mwaka 1990. Chanzo kilihusishwa na muhogo mchungu ulioliwa bila kuondolewa sumu ipasavyo. Sianidi ya muhogo, mwili unapoisafisha, hugeuka thiosianati, na thiosianati huizuia tezi kunyonya madini joto. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji walikwishaonyesha jinsi muhogo na ukosefu wa madini joto vinavyoshirikiana kuzalisha goita na watoto wenye ulemavu wa akili. Mwenye kula ugali wa udaga uliolowekwa na kuvundikwa vizuri hana sababu ya kuuogopa. Wa kuogopewa ni ule wa njia ya mkato, mwaka wa njaa, kwenye nyumba ambayo chumvi yake haina kitu.

Na chumvi yenyewe ina tabia. Madini joto hupotea kwa jua, unyevu na moto. Chumvi inayouzwa kwa kikopo gulioni, gunia likiwa wazi tangu asubuhi, inaweza kuwa na jina la madini joto bila madini joto yenyewe. Ya pakiti iliyofungwa, ikahifadhiwa kwenye kopo lenye mfuniko mbali na mafiga, ikatiwa mboga inapokaribia kuiva, ni kinga ya bei ndogo kuliko zote zitakazotajwa humu.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Chumvi ni kinga ya jamii. Kwa mama wetu wa Susuni, yawezekana kabisa si tiba. Mahali ambapo madini joto yanatosha, sababu kubwa ya tezi kuzembea kwa watu wazima ni kinga ya mwili kuigeukia tezi na kuila polepole. Daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliieleza mwaka 1912 kutokana na wagonjwa wanne, wote wanawake, na hadi leo wanawake ndio wengi. Sababu nyingine ni kisu: goita ikikatwa, tezi inayobaki inaweza isitoshe. Mwaka 2011 Phillipo Chalya na wenzake wa Bugando, Mwanza, walichapisha tathmini yao ya upasuaji wa goita kanda ya ziwa, na huko pia wanawake waliwazidi wanaume kwa mbali. Aliyekatwa tezi yote anaondoka hospitali na deni la kidonge kila siku hadi mwisho wa maisha, na kama hakuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, atarudi nyumbani akiamini amepona. Baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu, kama ethionamidi, nazo huilegeza tezi. Wapo pia wanaolegea miezi michache baada ya kujifungua, na baadhi yao hupona wenyewe.

Kwa hiyo matone ya madini joto, unga wa mwani na chupa zinazouzwa kwa kipaza sauti siku ya mnada hayamsaidii mtu ambaye tezi yake imeliwa na kinga yake mwenyewe. Yanaweza hata kumdhuru. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini mengi ilipofika Kivu ghafla, madaktari waliona wagonjwa wa goita ya siku nyingi ambao tezi zao zililipuka kwa kazi: moyo kwenda mbio, kukonda, kutetemeka. Zimbabwe iliyaona hayohayo. Chale shingoni nazo huongeza kovu na hatari ya maambukizi, basi.

Tiba ya kweli ilianza na kondoo, jambo ambalo naamini wafugaji wa Mara watalipenda. Mwaka 1891, Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimchoma mwanamke wa miaka 46 sindano ya maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za shingo za kondoo. Aliyekuwa amevimba na kupooza mawazo akaamka. Aliishi miaka 28 zaidi, hadi 1919, akitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Siku ya Krismasi mwaka 1914, Edward Kendall wa Mayo Clinic, Marekani, aliitenga homoni yenyewe, na mwaka 1927 Charles Harington na George Barger wakaitengeneza maabara. Homoni hiyo ndiyo iliyomo kwenye kidonge cha leo cha levothairoksini. Haina hataza ya kampuni moja, viwanda vingi duniani vinaitengeneza, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kundi zima la kondoo sasa linakaa kwenye kiganja.

Hesabu yake haina siri. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mama wa kilo 60 ni mikrogramu 96, yaani kidonge kimoja cha 100. Mwenye tezi iliyolegea kidogo huhitaji pungufu. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzia 25 na kupanda taratibu, kwa sababu moyo uliozoea kutembea hauamriwi kukimbia siku moja. Palipo na vidonge vya 100 tu, vyenye mstari katikati, nusu ni 50, na mara nyingi hiyo ndiyo njia ya bei nafuu ya kupata 50. Muulize mfamasia, hataona ajabu.

Sifa moja ya homoni hii ina thamani kubwa kwa mtu wa mbali: inadumu. Baada ya wiki nzima, karibu nusu ya uliyomeza bado imo mwilini. Ukisahau siku moja, umeze viwili kesho, hakuna kilichoharibika. Bodaboda ikikwama kwa mvua siku tatu, usihangaike. Wapo wagonjwa ambao madaktari wao, baada ya kuona kidonge cha kila siku kinawashinda, wamewapangia dozi ya wiki nzima inayomezwa kwa siku moja, ingawa huo si uamuzi wa mgonjwa kujifanyia, hasa mwenye moyo mbovu. Ubaya wa sifa hiyohiyo ni kwamba inadanganya. Mtu akiacha dawa wiki mbili anaona yuko sawa, anasema nimepona, zile hela zinaingia kwenye ada ya shule. Mwezi wa pili sweta linarudi.

Namna ya kukimeza ndipo dawa nzuri inapopotea bure. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine. Kwa mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, wakati wake ni huo, kabla chai ya maziwa haijachemka. Maziwa yana kalsiamu, na uji wa lishe mara nyingi una soya. Vyote viwili hukishika kidonge tumboni kisipite. Adui mkubwa zaidi ni vile vidonge vya kuongeza damu ambavyo huenda anavimeza pia. Viachane kwa saa nne. Dawa za kiungulia vivyo hivyo. Asiyeweza asubuhi ameze usiku, saa tatu au nne baada ya chakula. Dawa ikae pakavu, gizani, chini ya nyuzijoto 25, jambo ambalo Susuni inalo bure kuliko Musoma kando ya ziwa, ili mradi pakiti isikae juu ya jiko.

Sasa njia. Zahanati haipimi TSH. Mgonjwa wa Susuni anaelekea Nyamwaga, iliko hospitali ya wilaya, au Tarime mjini. Wa upande wa Serengeti anaanzia Mugumu. Ikishindikana ni Musoma, na kikomo cha kanda ni Bugando, takriban kilomita 300 kutoka Tarime. Wengine huvuka Sirari kwenda upande wa Kenya, ambako hulipa taslimu kama mgeni. Andika safari moja kwenye karatasi: bodaboda hadi barabarani, gari, kumwona daktari, kipimo, chakula, nauli ya msindikizaji, na siku mbili za palizi zilizopotea. Halafu dirishani unaambiwa: "Kitendanishi kimeisha, njoo wiki ijayo." Au damu imechukuliwa, majibu Alhamisi. Safari moja imekuwa mbili, na kidonge bado hakijanunuliwa. Ukiipanga karatasi hiyo kwa ukubwa, nina hakika kidonge kitakuwa mstari wa chini kabisa.

Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo hauna utaalamu wowote: piga simu. Muombe mganga mfawidhi wa zahanati yako, au ndugu aliyeko mjini, aulize kama kipimo kipo, siku gani, bei gani, na kama majibu yanatoka siku hiyohiyo au yanaweza kutumwa. Simu ya dakika mbili inaokoa mbuzi.

Wa pili unahusu kile kinachouzwa kama kifurushi. Maabara itakutajia TSH, T3, T4, kingamwili na ultrasaundi ya shingo kwa mkupuo. Anza na TSH. Ikiwa si ya kawaida, T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe, inafuata, mara nyingi kwa damu ileile. T3 haihitajiki kugundua tezi iliyozembea. Kingamwili hueleza sababu, lakini tezi ikiwa imeshalegea wazi, jibu lake halibadilishi kidonge, na hakuna maana ya kuzirudia. Ultrasaundi ni ya aliye na uvimbe au kinundu kinachoshikika. Daktari mwenye sababu ya kuvunja utaratibu huu ataieleza. Asiyeieleza muulize kwa adabu, hela ni zako.

Muda una umuhimu wa pekee. Mwili huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Anayepimwa baada ya wiki mbili amenunua namba isiyo na maana, na dozi ikipandishwa kwa kuifuata namba hiyo atajikuta moyo unadunda usiku na mikono inatetemeka. Akishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka kinamtosha, pengine viwili. Akibadilisha aina ya kidonge kwa sababu aliyopata Migori, Kenya, si ile ya Mwanza, apime tena baada ya wiki hizo. Ndiyo maana anayefika mji mkubwa na ana akiba kidogo ni bora anunue ya miezi mitatu, aina moja, kwenye famasi iliyosajiliwa, akiisoma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutoa hela.

Na pasipobaniwa? Mjamzito. Mimba inataka homoni zaidi tangu wiki za mwanzo, kabla tumbo halijaonekana, na tezi ya mtoto bado haijaanza kazi. Ubongo wake unategemea homoni ya mama. Mwanamke aliyekwisha kuanza dawa, akijua ana mimba, kwa kawaida huongezewa robo au zaidi. Madaktari wengi humwambia ameze vidonge 9 kwa wiki badala ya 7 huku akitafuta kipimo. Asingoje kliniki ya mwezi wa tano. Pia asiyebaniwa ni yule ambaye baridi imegeuka usingizi mzito, mwili wa baridi ukiugusa, maneno yanaburuta, mapigo ya moyo polepole. Huyo ni wa dharura, usiku huohuo, hata kwa mkopo.

Bima inaingia wapi? Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuja na mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kisera. Kadi yoyote ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini kwa ugonjwa huu mtihani wake ni dirisha la dawa. Mgonjwa mwenye kadi anayeambiwa "haipo, kanunue nje" amelipa mara mbili. Kabla ya kukata kadi, swali la kuuliza ni moja: levothairoksini inapatikana kituo gani, na TSH je?

Hapa naona tumeshindwa kutumia tulichokwisha kujenga. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, akiwa ametulia, hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, karibu na kwake, bila malipo. Damu yake huchukuliwa kituoni na sampuli ndiyo inayosafiri hadi maabara kubwa. Mgonjwa anabaki nyumbani. Ni mfumo uliojengwa kwa fedha nyingi na kwa jasho la wahudumu wetu, na unafanya kazi hata vijijini. Mgonjwa wa tezi aliyetulia ni mwepesi kuliko huyo: kidonge kimoja, kipimo kimoja kwa mwaka, na damu ambayo ikitenganishwa na kuwekwa kwenye baridi inavumilia siku kadhaa za safari. Hakuna sababu ya kitabibu ya yeye kusafiri hadi Mwanza kwa ajili ya namba. Sababu ni kwamba ugonjwa wake hauna mfadhili, hauambukizi, na haujazi wodi.

Hasara kubwa kuliko zote iko kwa watoto. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na tezi isiyofanya kazi. Akianzishiwa kidonge, kikasagwa kwenye maziwa kidogo ya mama, ndani ya wiki mbili za kwanza, atakua na akili kama ya wenzake. Akichelewa miezi, kilichopotea kwenye ubongo hakirudi kwa dawa yoyote. Nchi nyingi huchoma kisigino cha kila mtoto na kudondosha damu kwenye karatasi maalumu, kazi iliyoanzishwa na Jean Dussault huko Quebec, Kanada, miaka ya 1970. Tanzania haina bado mpango wa kitaifa wa kuwapima watoto wote hivyo. Lakini wauguzi wetu wa kliniki ya mama na mtoto wanakijua kisigino hicho. Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI huchomwa hapohapo, damu ikadondoshwa kwenye karatasi, ikakaushwa, ikatiwa bahasha na kusafirishwa. Karatasi hiyohiyo inaweza kusomwa TSH.

Mpaka hapo itakapoanza kusomwa, kinachobaki ni macho ya nyumbani. Manjano yanayokaa wiki kadhaa. Kitovu kilichotokeza. Ulimi mkubwa unaochungulia. Sauti nzito ya kilio, choo cha shida, mwili wa baridi. Na dalili ya kwanza kabisa, ambayo bibi anayemwogesha mtoto huisema kama sifa: "Huyu hasumbui. Halii, analala tu, hata kunyonya mpaka umwamshe."